Hita na Kioo Wapi na Wapi

Pale karakana walimwita Kimya, na jina hilo lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Alikuwa msichana wa kusikiliza zaidi ya kusema. Hata akikasirika ungejua kwa vidole tu: vitufe vya kompyuta yake vilianza kulia kwa nguvu kidogo, basi, yamekwisha.

Karakana yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la rangi. Chumba cha mbele waliunda mashine za kutotolesha vifaranga: masanduku ya plaiwudi yenye kidirisha, ndani yake trei za mayai, feni, hita, na ubao mdogo wa umeme uliobeba kompyuta isiyozidi kiganja. Chumba cha nyuma alikaa Kimya na programu zake. Harufu ya rangi ilikuwa imewazoea wote, nao wameizoea.

Kazi iliyomkalia kichwani mwaka ule ilitokana na malalamiko. Umeme ukikatika, mashine ilitakiwa kulala kwa adabu, itumie betri kidogo kidogo, na umeme ukirudi iamke. Sasa nyingine zilichelewa kuamka mpaka mwenye mali anashika kichwa. Nyingine hazikuamka kabisa.

Shida ilikuwa ndani kabisa ya programu, kwenye ile sehemu wanayoiita kiini, inayoshika vifaa vyote. Siku Kimya alipomweleza mama yake, mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe na nyie mnashughulika na viini! Mimi na wewe tofauti yetu nini?"

"Chako kinalika, mama."

"Haya, na chako kinakulisha. Ngoma droo."

Katika kiini hicho kulikuwa na kiendeshi cha umeme. Hicho ndicho kilichoamua nani apewe umeme, nani alale, nani atangulie kuamka. Kila kifaa kiliandikwa kinamngoja nani. Hita inaingoja feni, na hilo lina maana, kwa sababu hita ikiwaka peke yake mayai ya karibu yatachemka na ya mbali yatapoa. Lakini kila fundi aliyepita pale alikuwa amefunga kamba yake na kuondoka. Vitufe vikaingoja kengele, kengele ikakingoja kioo kinachoonyesha namba, na kioo nacho kikavingoja vitufe. Vikawa kama wageni watatu mlangoni, tangulia wewe, hapana, tangulia wewe, mimi nitafuata; na mlango uko wazi, nzi wanaingia.

"Nipunguzie hayo makamba," Bosi alimwambia. Alikuwa mtu mwembamba aliyetembea haraka hata akienda kunywa maji. "Kila kifaa kingoje kile tu kinachokihitaji. Mengine kata."

Kimya akakata. Hakukata kama mtu anayefyeka nyasi. Alishika kamba moja, akaifungua, akawasha mashine, akachomoa umeme, akarudisha umeme, akatazama. Ikiwa salama, ndipo anashika nyingine. Wenzake walimtania kwamba anafukua choroko kwa sindano.

Akafika kwenye kamba moja iliyomtia shaka. Hita ilikuwa inakingoja kioo. Kioo kisipokuwa na umeme, hita haiwaki. Haikuandikwa kwa nini, na aliyeiandika alikwisha hama nchi, simu yake hata haiiti tena. Kimya akainuka, akaenda chumba cha mbele kwa Waya.

Waya ndiye aliyechora ule ubao wa umeme. Alikuwa pande la mtu, miwani imeshikwa na uzi, hana dogo kwa utani.

"Kaka Waya, hita inakingoja kioo. Unajua kwa nini?"

Waya hakuinua kichwa kutoka kwenye moshi wa risasi aliyokuwa akiyeyusha kuunganishia waya. "Hita na kioo wapi na wapi? Inataka kujitazama kama imependeza? Kata, mdogo wangu. Kata tulale."

Kimya akacheka, jambo lisilokuwa la kila siku. Akarudi, akakata.

Mashine ikawa nyingine. Ukirudisha umeme, inaamka papo hapo kama mtoto aliyesikia karatasi ya pipi. Kimya aliijaribu mezani tena na tena, haikumwangusha. Bosi akapiga makofi peke yake.

Lakini karakana ile ilikuwa na utaratibu wake. Programu mpya haiendi kwa mteja mpaka fundi aliyeiandika ameipeleka kwanza nyumbani kwake, ikatotolesha kundi zima la mayai. Kama ni sumu, uionje wewe. Na kwa Kimya, nyumbani maana yake ni kwa mama.

Mama yake aliiweka mashine stoo, chumba chembamba kando ya jiko chenye mlango wa bati. Tangu baba afariki, mashine ile ndiyo iliyokuwa kazi yake na mwenzake wa kuzungumza naye. Alikuwa akiipitia kila mara, kwa kuogopa umeme kukatika. Anaosha vyombo, anakwenda kuchungulia. Anaanika nguo, anachungulia. Anabonyeza kitufe kwa kiwiko, kioo kinawaka, anasoma namba, anaondoka.

Siku Kimya alipofika na kompyuta yake begani alimkuta shangazi ametangulia. Huyu alikuwa dada wa marehemu baba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili. Amekaa kwenye kigoda, na mapajani kuna kapu. Ndani ya kapu, mayai yamezikwa kwenye pumba kama vitu vya dhahabu.

Habari ya mayai hayo Kimya aliijua. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita kwenye banda la shangazi kikafagia. Wamebaki tetea mmoja na jogoo mmoja, wa uzao wa kuku aliowaanzisha baba mwenyewe, wale wenye shingo nyekundu ambao mtaa mzima uliwajua. Tetea anataga, lakini hataki kuatamia hata kwa kulazimishwa. Na tetea mwenyewe amezeeka.

"Nakukabidhi, wifi," shangazi alisema, akilitoa kila yai na kulipulizia pumba. Yote yalikuwa na alama ya makaa, mstari mweusi kila moja. "Hawa ndio waliobaki wa kaka. Baiskeli yake uliuza. Shamba lake limeota magugu mpaka nyoka wanaitana. Hawa nao ukiniharibia, basi."

"Basi nini, wifi?" mama aliuliza taratibu.

"Basi ujue tu."

Maneno ya baiskeli na shamba mama alikwisha yasikia kwenye harusi, kwenye misiba, na mlangoni pa zahanati. Tangu siku ya mazishi shangazi alikuwa akisema kwamba mke wa kaka yake ni mtu wa kuachia vitu vife. Mama alichukua mayai, akayapanga kwenye trei moja baada ya jingine, ncha chini, kila moja kwa mikono miwili. Kimya aliuona uangalifu huo. Akajua kwamba mama hatotoleshi vifaranga wa mtu. Anataka kumwonyesha wifi yake kwamba kitu kimoja cha marehemu, angalau kimoja, hakikufia mikononi mwake.

Kimya akachomeka waya wake, akaweka programu mpya. "Mama, umeme ukikatika sasa usihangaike. Itaamka yenyewe, mara moja."

"Hata nisipoichungulia?"

"Hata usipoichungulia. Pumzika, mama."

Mama alimtazama kwa namna iliyomfanya Kimya ajisikie mrefu. "Wifi, umesikia? Mwanangu kanipa likizo."

"Nimesikia," alisema shangazi. "Likizo na mayai ya watu."

Baada ya wiki moja Kimya alirudi siku yake ya mapumziko kusaidia kumulika mayai. Walifunga mlango wa stoo, wakaziba upenyo wa dirisha kwa gunia ili chumba kiwe giza mchana ule. Mama alishika tochi iliyovikwa boksi lenye tundu. Yai zima la umri ule ukilimulika unaona mishipa imetambaa kama mizizi myekundu, na katikati doa jeusi linalocheza. Kimya alilipenda hilo tangu utotoni.

Mama akaweka la kwanza. Hakukuwa na mizizi. Kulikuwa na duara jembamba la damu, kama pete, na ndani ya pete kumetulia.

"Hili limekufa," mama alisema.

Akachukua la pili. Pete. La tatu. Pete. Mama akawa anayatenga tu, yenye uhai kushoto, yaliyokufa kulia, na upande wa kulia ukazidi kuongezeka mpaka ukakosa nafasi. Walipomaliza, kushoto kulikuwa na mayai matatu yenye mstari wa makaa. Matatu, basi.

Mama aliketi juu ya debe. Tochi bado inawaka mapajani, inamulika ukuta bure.

"Nilifungua mlango mara nyingi?" alijiuliza. "Hapana, sikufungua. Au niliyaosha? Sikuyaosha. Nimefanya nini, jamani?"

"Joto ulikuwa ukiliangalia, mama?"

"Si kama zamani. Uliniambia nipumzike. Lakini kila nilipopita niliangalia. Thelathini na saba na nusu. Haikupungua hata siku moja, haikuzidi."

"Hata siku moja?"

"Nakwambia, imesimama kama askari."

Kimya akaitazama mashine. Mashine nzima haisimami kama askari. Inapanda kidogo, inashuka kidogo, kama kifua cha mtu aliyelala. Akamwomba mama amwachie chumba, akarudisha mayai matatu ndani, akabonyeza kitufe kioo kiwake, akageuza ndoo, akaketi. Hakugusa kitu tena.

Baada ya muda joto likafika na kioo kikazima, kama kilivyotakiwa kila joto likifika, ili kutunza betri. Ikabaki sauti ya feni. Alikuwa akiisubiri sauti nyingine: ile swichi ndogo ndani ya ubao inayolia tik kila hita inapowaka, na tik tena inapozima. Alisubiri. Miguu ikaanza kufa ganzi. Nje mama alikuwa akikwangua sufuria, akaacha, akaanza tena. Feni inalia, swichi imenyamaza. Akaweka kiganja kwenye kidirisha. Kile kivuguvugu alichokizoea hakikuwepo.

Mlango wa bati ukalia, mama akaingia na mikono ya majivu, akabonyeza kitufe kwa kiwiko kama desturi yake. Kioo kikawaka: thelathini na saba na nusu.

"Si unaona? Sawa kabisa," mama akasema, akageuka aondoke.

"Mama, usiondoke. Endelea kutazama."

"Nitazame nini, na namba iko..."

"Tazama tu."

Wakatazama. Namba ikakaa, ikakaa, kisha ikaanza kushuka. Thelathini na sita. Thelathini na nne. Thelathini na moja. Ndipo swichi ikalia tik, na waya wa hita ukaanza kuiva wekundu.

Mama alishika ukingo wa mlango. "Ilikuwa inanidanganya?"

"Ilikuwa inakwambia namba ya zamani. Kioo kikizima haijui tena joto. Inakumbuka tu la mwisho."

"Kwa hiyo nikigeuka, nayo inaniacha mkono."

Kimya alitamani kusema kitu cha kitaalamu, kirefu, cha kujificha ndani yake. Hakukipata. Akachukua kompyuta, akaamuru kioo kisizime kabisa, ili hayo matatu angalau yapate joto. Kisha akachukua mkoba wake akaondoka karibu kukimbia.

Pale karakana, Waya alipomsikiliza alianza kwa kucheka, halafu kicheko kikakata katikati. Akafungua mchoro wa ubao. Akaufuata mstari kwa kidole kinene, akarudi mwanzo, akaufuata tena.

"Mama yangu mzazi," akasema. "Nilikihamisha kipimajoto. Zamani kilikuwa na njia yake ya umeme. Kwenye ubao huu mpya nikakiunga kwenye njia ya kioo, kupunguza kifaa kimoja. Nikasahau kabisa."

"Na yule aliyehama alijua."

"Alijua. Ndiyo maana aliifunga hita kwa kioo. Hita ikiwa kazini, njia ile isikatwe hata kioo kikizima taa. Kumbe ile kamba ndiyo iliyokuwa inakiweka kipimajoto hai." Akavua miwani. "Lakini hapa mezani tuliijaribu, Kimya. Mimi na wewe. Mbona ilikuwa sawa?"

Wote wawili wakaigeukia meza ya majaribio. Pale mashine tatu zilikuwa zimejipanga, na vioo vyote vitatu vinawaka. Kila fundi wa karakana ile, akikaa tu mezani, kitu cha kwanza alichofanya ni kuamuru kioo kisizime, ili asome ujumbe wa programu bila kusumbuka. Walifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyovuta kiti kabla ya kukaa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona mashine yao ikiwa gizani.

"Tumeitazama mno," Waya alisema polepole.

Bosi alipoelezwa, alishusha pumzi, akampiga Kimya begani kwa upole wa kweli. "Pole sana. Lakini shukuru. Bora imetokea kwenu, si kwa mteja. Ndiyo faida ya utaratibu wetu huu."

Kimya akaitika. Neno lile "kwenu" akarudi nalo chumba cha nyuma. Aliketi akairekebisha programu, si kwa kurudisha ile kamba ya zamani, ila kwa kuandika ukweli wenyewe: hita ikingoje kipimajoto, na kipimajoto kiishikilie njia yake ya umeme. Juu yake akaandika sababu, kwa sentensi iliyonyooka, ili atakayekuja asicheke. Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Hilo ndilo lililomuuma.

Alipotoka, Waya alimfuata hadi mlangoni na mita yake, ile ya kupimia umeme yenye kijiwaya cha kupimia joto. "Chukua. Utaihitaji. Na mwambie mama ni mimi niliyesema ukate."

"Mkono ulikuwa wangu, kaka Waya."

Kesho yake alipofika nyumbani alimsikia shangazi kabla ya kumwona. Sauti ilikuwa imejaa uani.

"Umelala! Unaniambia ulilala! Mayai ya kaka, na mtu amelala!"

Mama alikuwa amesimama karibu na kamba ya nguo, ameshika shuka mbichi kifuani. "Nililala, wifi. Sikuyaangalia inavyotakiwa. Nisamehe."

Kimya akasimama kama aliyepigwa na butwaa. "Mama, si kweli hiyo. Shangazi, si mama. Ni programu niliyoiweka mimi. Kioo kikizima, mashine haijui joto, na hita haiwaki."

Shangazi alimgeukia, na uso ukalainika kidogo, jambo lililokuwa baya zaidi ya hasira. "Mwanangu, mtoto mzuri wewe. Unambebea mama yako. Ungekuwa wangu ningejivuna."

"Simbebei mtu."

"Mimi mwenyewe nimepita hapa mara mbili juma lile kuchungulia, yeye yuko sokoni. Nimebonyeza kitufe kwa kidole changu hiki. Thelathini na saba na nusu, namba iko pale inaning'aria. Sasa mashine inakosea saa ngapi? Inakosea ikiniona naondoka? Ina haya?"

"Ndivyo ilivyo, shangazi. Ukiitazama, inakuonyesha ile namba ya..."

"Acha, mwanangu, acha. Nimezeeka, sijawa mjinga."

Mama akamshika Kimya mkono, akamvutia jikoni. Alinong'ona kwa haraka. "Nyamaza. Mimi wameshanizoea. Wakisema niliua baiskeli, niliua shamba, wakiongeza na kuku, ni maneno yale yale. Wewe jina lako bado jipya. Kesho nani ataleta mayai kwenye mashine iliyotengenezwa na mtu aliyeharibu ya kwao?"

"Lakini hukufanya, mama."

"Nimekwambia nyamaza."

Kimya alikuwa amenyamaza maisha yake yote, na mara nyingi kulimfaa. Alimtazama mama, shuka limemlowesha kifua chote, macho makavu. Akaona kwamba akinyamaza leo, mama atakwenda na jambo hili mpaka kaburini, na shangazi atakwenda nalo mlango kwa mlango. Akapiga moyo konde, akatoka uani.

"Shangazi, njoo stoo ukae nami. Sikuombi uniamini. Nakuomba ukae na usiguse kitu."

"Nikae na sanduku?"

"Kidogo tu. Ukiona nimesema uongo, katangaze unavyotaka."

Shangazi alikuja kwa kuwa hakuwahi kukataa nafasi ya kumwona mtu anaumbuka. Kwanza alitaka mayai matatu yatolewe. Hakutaka yachezewe tena. Mama akayafunga kwenye kitambaa cha sufu pamoja na chupa ya maji ya moto, akayalaza kwenye kapu. Kimya akairudisha mashine katika hali ile ile iliyokuwa nayo wiki nzima, kioo kizime chenyewe. Akapenyeza kijiwaya cha mita ndani kwenye trei tupu, mita akaiweka juu ya sanduku ambapo wote wataiona. Wakangoja joto lipande. Kioo kikasema thelathini na saba na nusu. Mita ikasema vilevile, na hita ikazima, tik.

"Wanaelewana," alisema shangazi. "Mmeniitia harusi?"

"Ngoja, shangazi."

Kioo kikazima. Stoo ikawa na mwanga wa mlangoni tu. Wanawake watatu wameketi juu ya debe, ndoo na kigoda, magoti yanakaribia kugusana.

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunangoja."

"Mimi nyumbani nimeacha jiko linawaka." Hakuondoka. "Kaka alikuwa hivi hivi. Akikaa bandani, humtoi." Feni inalia. Mita ikasema thelathini na sita. Shangazi akajiinamia mbele. Thelathini na nne. Akaacha kuzungumza. Ilichukua muda mrefu, na katika muda huo wote swichi haikulia. Mita ilipofika thelathini, Kimya akasema, "Bonyeza, shangazi. Wewe mwenyewe, kwa kidole kile kile."

Shangazi akabonyeza. Kioo kikawaka kwa furaha: thelathini na saba na nusu.

Alitazama kioo. Akatazama mita. Akarudi kwenye kioo, kama mtu anayewasikiliza mashahidi wawili. Akafungua sanduku, akaigusa trei, mikono akaiacha hapo.

"Ni baridi," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikutoka nje ya chumba.

"Ndiyo."

"Na mimi nikaiona namba, nikaenda zangu."

"Wote tuliiona, shangazi."

Shangazi akamgeukia mama. "Na wewe ukaniambia ulilala. Ulitaka nikuchukie kwa kitu ambacho hukufanya?"

Mama alikuwa akiichezea ncha ya kitambaa cha kapu. "Umeshanichukia kwa mengi, wifi. Moja zaidi lisingeniua."

Shangazi alifungua mdomo. Kimya alisubiri kijembe, maana hakuwahi kumwona akikosa kijembe. Hakikuja. Alijifuta uso kwa upindo wa nguo, halafu akamtazama Kimya, na mtazamo ule haukuwa na ule ulaini wa uani.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Kuku wa baba yako. Ili mashine iamke haraka."

"Ndiyo, shangazi."

Kulikuwa na mambo mengine ya kusema: Waya, mchoro, meza yenye vioo vitatu, yule aliyehama bila kuandika sababu. Kimya aliyahesabu yote kichwani na kuona hakuna hata moja ambalo lingelijaza kapu lile.

"Nimekuja na programu iliyorekebishwa," alisema. "Sasa haiwezi tena kufanya hivi. Hayo matatu yanaweza kurudi ndani."

"Kawapelekee hao wateja unaowatengenezea," shangazi alijibu, bila ukali, kama mtu anayekataa chai. "Jirani yangu ana tetea anayeatamia. Nitakwenda kumwangukia." Akainuka, akalishika kapu, na mikono ikamtetemeka mpaka chupa ikagonga ukingo. Akalirudisha chini. "Wifi, nibebee. Mimi nitayaangusha."

Mama akalibeba. Alilikumbatia kwa mikono miwili, tumboni. Alipompita Kimya mlangoni hakumtazama. Macho yake yote yalikuwa kwenye kapu, na shangazi yuko ubavuni akimsukumia mawe ya njiani kwa mguu, akimwambia hapa pana shimo, wifi, hapa angalia. Walitoka uani wakitembea kwa hatua ndogo ndogo, bega kwa bega.

Kimya alibaki na waya wa kompyuta mkononi, haujachomekwa popote. Namba kwenye kioo ilikuwa imeanza kushuka kuitafuta ile ya mita. Swichi ikalia, tik, hita ikaanza kupasha trei tupu.

Sauti ya mama ikaja kutoka njiani, haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka tu: "Zima hiyo mashine, mwanangu. Inakula umeme bure."

Akazima.